Fumo Liyongo: Msee Mwenye Nguvu Kuliko Wote Pwani, na Usingizi Aliouawa Nao

Kuna mbogi flani mtaani imeamua kulala ni kazi ya wazembe. Saa kumi na moja alfajiri ako kwa jimu, jioni ako kwa ngazi za stedi, wikendi anapiga sprinti mpaka anaona nyota mchana. Dishi ya siku nzima ni strungi na ndizi moja. Ukimuuliza anapumzika lini, anakuangalia ni kama umemtusia mathe. Kitambi lazima kiishe kabla ya Disemba, na hiyo ndiyo rada.

Sasa wacha tuwapeleke Lamu kidogo. Sio ile Lamu ya picha za machweo na punda. Tunaongelea Lamu ya kitambo sana, wakati Pate ilikuwa mji wenye doh na sultani wake alikuwa na maneno. Huko ndiko kuna stori ya jamaa ambaye mpaka leo, ukitaka kumsifu mtu wa Pwani kwa nguvu, jina lake ndilo linakuja kwanza. Fumo Liyongo.

Wengi wanajua mwisho wake tu, kwamba aliuawa akiwa amelala. Na wengine wanachukua hiyo kama ushahidi eti usingizi ni adui. Tulia kwanza. Ukiisoma hii stori yote utaona kitu tofauti kabisa.

Huyu jamaa alikuwa nani?

Liyongo anahusishwa na Shaka na Ozi, kule bara karibu na mdomo wa mto Tana, na pia na kisiwa cha Pate. Wataalamu wa historia wamevutana miaka mingi kuhusu aliishi karne gani, lakini Pwani nzima jina lake linajulikana. Mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi yake London mwaka wa 1870. Halafu mwaka wa 1913 Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango, akaipanga stori yote kwa utendi. Huo utendi ndio umesomwa mashuleni na vyuoni mpaka leo.

Fumo si jina la kawaida, ni cheo cha mtawala au mkuu wa vita. Na Liyongo hakuwa misuli tupu. Alikuwa mshairi, na nyimbo kibao za ngoma ya gungu zinasemekana ni zake. Alikuwa fundi wa upinde. Yaani ni msee alikuwa na mwili, akili na mistari kwa pamoja. Ukiongeza kwamba alikuwa na damu ya utawala, unaanza kuelewa kwa nini sultani hakuwa anapata usingizi.

Masimulizi yanasema alikuwa mrefu na mpana kupita kawaida, na watu walikuwa wanamuogopa kwa kumtazama tu. Huyo sultani wa Pate, Daudi Mringwari kwa mujibu wa masimulizi mengi, alikuwa jamaa yake wa damu. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Siku nne kwa siku moja

Siku moja Waoromo, ambao masimulizi ya zamani yanawaita Wagala, walikuja Pate kufanya biashara. Sultani akaanza kujigamba kwamba ako na mtu ambaye hakuna mwenye nguvu kama yeye. Wageni wakataka kumwona. Barua ikatumwa Shaka.

Kutoka Shaka hadi Pate, stori inasema, ni mwendo wa siku nne. Liyongo aliufanya kwa siku moja. Alipofika kwenye lango la mji akapuliza panda yake mpaka ikapasuka, na watu wakatetemeka. Halafu akashusha mkoba aliokuwa amebeba begani. Kutoka ndani wakaona kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga ya kupikia. Vyombo vya jikoni nzima, vilipopangwa chini vikawa lundo kubwa kama nyumba. Wageni wakabaki midomo wazi.

Sawa, ni hadithi, na hadithi za mashujaa zinapenda kuongeza chumvi. Lakini angalia vile imepangwa. Liyongo hakukimbia hizo siku nne kwa siku moja kila siku. Alifanya mara moja, siku ilipohitajika. Baada ya hapo stori inatulia. Anakaa mjini, anakula na watu, anapewa mke wa Kioromo kwa sababu wageni walitaka mbegu ya huyo mwanaume ibaki kwao. Anapata mtoto wa kiume. Tizi kali, halafu maisha.

Hapo ndipo wasee wa jimu wanapotea. Mazoezi makali ya vipindi, yale ya kujituma sana kwa sekunde chache halafu kupumzika kidogo na kurudia, yana nguvu kweli. Mwaka wa 1996 mtafiti Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha utafiti uliofanya ule mtindo wa sekunde 20 za kazi na sekunde 10 za kupumua ujulikane dunia nzima. Dakika nne tu na umeisha. Lakini ni kwa sababu yanaumiza mwili hivyo ndiyo yanafanya kazi. Misuli inapata michaniko midogo midogo, akiba ya nguvu iliyo ndani ya misuli inaisha, moyo unasukumwa mpaka mwisho. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ile ya kujenga, inafanyika ukiwa umekaa, umekula, umelala.

Ndiyo maana makocha wengi wanakuambia vipindi vikali viwe viwili au vitatu kwa wiki, na kati ya kimoja na kingine upite muda wa kama masaa 48. Siku zilizobaki tembea, ogelea, piga stori. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akipata dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, au dakika 150 hadi 300 za yale ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, ako sawa. Hiyo ni wiki nzima, si siku moja.

Mkoma haupandwi na kila mtu

Sultani alianza kuogopa. Mtu mwenye nguvu hivi, anayependwa hivi, kesho atataka kiti. Liyongo akapata fununu kwamba anawindwa, akahepa mjini, akaingia msituni bara, akaishi na Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa kule. Sultani naye akawafuata hao wenyeji na ofa ya reale 100 kwa kichwa chake.

Wakapanga kikoa. Kikoa ni ule mtindo wa kula pamoja kwa zamu, leo mimi natoa, kesho wewe. Wakakubaliana kwamba kila siku mmoja wao atapanda mkoma awaangushie wenzake matunda. Hesabu ilikuwa rahisi. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti mikono imeshika shina, wote watamrushia mishale kwa pamoja.

Zamu yake ikafika. Wakachagua mkoma mrefu kuliko yote. Liyongo akauangalia, akatoa upinde, akaanza kudungua makoma kutoka chini moja baada ya nyingine mpaka yakatosha kila mtu. Hakupanda hata hatua moja. Wale wasee wakaangaliana, wakajua huyu hawamwezi.

Hii ndiyo sehemu tunaipenda zaidi. Jamaa mwenye nguvu kuliko wote Pwani aliangalia kazi ngumu na akakataa kuifanya kwa njia ngumu. Hakuwa na haja ya kumprufu mtu. Kila mtu alikuwa anapanda, presha ya mbogi ilikuwa pale, na bado akatumia akili.

Leo mkoma wetu ni chalenji za simu. Siku 30 bila kupumzika, pushapu mia kila asubuhi, kila mtu anapanda, na wewe goti linauma lakini unaona aibu kubaki chini. Mwili unaongea kabla haujavunjika, sikiliza. Mapigo ya moyo ukiamka yako juu kuliko kawaida yako. Umechoka mchana lakini usiku usingizi hauji. Hasira za bure. Mafua hayaishi. Kwa madem, hedhi kuchelewa au kupotea ni ishara kubwa kwamba unachoma nguvu nyingi kuliko unazokula, na mifupa itakuja kudai baadaye. Na kama baada ya tizi kali misuli imevimba, inauma vibaya na mkojo umegeuka rangi ya strungi, hiyo si ya kungoja kesho. Hapo misuli inayeyuka ndani ya damu na figo ziko hatarini. Enda hosi saa hiyo hiyo.

Mkate wa wishwa

Mwishowe walimnasa kupitia kitu alichopenda, ngoma. Akaalikwa kwenye gungu, akakamatwa, akatiwa gerezani kwa minyororo na walinzi mlangoni. Hukumu ilikuwa kifo.

Mathe yake alikuwa anamtumia chakula kupitia mjakazi aliyeitwa Saada. Kila chakula kizuri kilipofika mlangoni, walinzi walikikamata wakala wao. Liyongo akatuma ujumbe uliofichwa ndani ya mafumbo ya ushairi, ambao walinzi waliusikia na hawakuuelewa. Mathe akashika maana. Akapika vyakula vitamu vya kuwatosha walinzi, halafu akaoka mkate mkubwa wa wishwa, yale maganda yanayobaki ukipepeta nafaka. Ndani yake akaficha tupa. Walinzi wakafakamia vitamu, ule mkate wa maganda wakaucheka na kumpelekea mwenyewe.

Ombi lake la mwisho lilikuwa apigiwe ngoma. Mji mzima ukakusanyika, matwari na matari na pembe zikapigwa, na chini ya ile kelele Liyongo akawa anakata chuma. Ngoma ilipokolea, minyororo ikaanguka. Akatoka. Mji ukatawanyika kama kuku wameona mwewe.

Angalia vile mathe alifanya. Hakumwacha mtoto na njaa. Alimpa chakula kigumu, cha bei ya chini, chenye kazi ndani yake. Msee anayepunguza uzito anafaa kufikiria hivyo hivyo. Ukichanganya mazoezi makali na njaa, mwili haujui uko Instagram, unajua kuna ukame umekuja. Unakula misuli pia, na usiku wa manane unakusukuma mpaka kwa mzee wa viazi karai. Punguza sukari, punguza mafuta ya kukaanga, sawa. Lakini samaki, maharagwe, mboga, nafaka isiyokobolewa na maji viwepo, hasa siku za tizi kali. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayekuahidi kilo kumi kwa wiki anakuuzia upepo.

Sindano ya shaba

Sasa tufike pale pabaya. Sultani aliona nguvu imeshindwa, mishale imeshindwa, gereza limeshindwa. Akageukia damu. Akamwita yule kijana, mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi uwaziri na binti yake awe mke. Kazi ilikuwa moja tu, amuulize babake ni kitu gani kinaweza kumuua.

Kijana akaenda. Liyongo hakuwa mjinga, masimulizi yanasema alishuku kwamba mtoto ametumwa. Na bado akamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Hicho tu. Kwa nini alisema? Pengine baba alichoka kumshuku kila mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya nguo kabisa.

Kijana akarudi kwa sultani, akapewa sindano. Akarudi kwa babake, akakaa naye kwa upole, akangoja. Mchana mmoja Liyongo akalala chali, usingizi mzito. Mtoto akamdunga kitovuni na kuhepa.

Liyongo akaamka na maumivu. Akachukua upinde na mishale, akatoka hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akavuta upinde mshale ukiwa tayari. Akafa hivyo hivyo, akiwa amepiga goti. Watu waliokuja kuteka maji wakamwona wakakimbia. Siku zikapita, mji mzima una kiu, na hakuna aliyethubutu kusogea. Wakamwomba mathe yake aende kumbembeleza. Mama akaenda, akaimba, akamsihi, hakujibiwa. Mpaka siku mwili ulipoanguka ndipo wakajua walikuwa wanaogopa maiti.

Na yule kijana? Uwaziri hakupata, harusi hakuiona. Naye akafa vibaya.

Kwa hivyo usingizi ndio ulimuua?

Hapana. Liyongo alilala maisha yake yote, kama kila binadamu. Alilala kabla ya ile safari ya siku nne kwa siku moja. Alilala msituni kati ya watu waliolipwa kumuua, na akaamka. Kilichomuua ni sindano, na mkono wa mtu aliyemwamini. Usingizi ulikuwa mahali ilipotokea tu.

Na hebu fikiria maisha yake ya mwisho. Anawindwa mjini, anawindwa msituni, kula kwake ni mtego, ngoma yake ni mtego. Mtu kama huyo anapumzika wapi? Nguvu hakuwahi kuzikosa. Alichokosa ni mahali salama pa kulaza mwili. Ndiyo maana siku alipopata usingizi mzito, alikuwa anaupata mbele ya mtu aliyedhani ni wake.

Wewe hauna sultani anakutafuta. Uko na godoro, mlango na kufuli. Na bado unajinyima.

Ukitaka hesabu, hii hapa. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua watu 10 waliokuwa na uzito kupita kiasi, wakawapunguzia chakula kwa kiwango sawa, siku 14 wakipewa masaa 8 na nusu ya kulala, na siku 14 nyingine masaa 5 na nusu. Kwa mizani, uzito uliopungua ulikuwa karibu sawa, kilo tatu hivi. Lakini waliolala vya kutosha walipoteza mafuta kilo 1.4, na walipolala kidogo ilikuwa kilo 0.6 tu. Kilichobaki kilitoka kwa misuli na sehemu zingine za mwili zisizo mafuta. Tena walipokosa usingizi, njaa iliwazidi. Kwa maneno mengine, unaweza kuona mizani inashuka ukashangilia, kumbe kitambi kiko pale pale na kilichoenda ni ule mwili unaoujenga kwa jasho.

Kwa hivyo ukiwa Lamu, panga wiki yako hivi. Jumatatu na Alhamisi piga sprinti zako za mchanga kule Shela, dakika 15 au 20 zinatosha, na uzipige asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mchanga unakula nguvu kuliko lami, kwa hivyo usijilinganishe na msee wa Nairobi. Jumanne na Ijumaa tembea taratibu kwa ile njia ya baharini kutoka mjini hadi Shela na urudi, maana Lamu mjini magari ni ya kuhesabu na miguu ndiyo matatu yako. Jumatano na Jumamosi beba vitu vizito kidogo au piga pushapu bila kujiua. Jumapili kaa barazani. Na kila usiku, masaa saba au zaidi ya kupiga lepe, simu ikiwa mbali. Wazee wa Lamu wanaojilaza kidogo baada ya adhuhuri jua likiwa kali walijua hii kitu kabla ya watafiti. Kama ndiyo unaanza, au uko na presha, sukari au moyo unakusumbua, ongea na daktari kwanza.

Kule Ozi, karibu na Kipini, wenyeji wanaonyesha kaburi linalosemekana ni la Liyongo. Anayelala pale alibeba jiko zima begani, alikata chuma katikati ya ngoma, na alikataa kupanda mkoma kwa sababu wenzake wamepanda. Alijua wakati wa kujituma na wakati wa kutulia.

Haya, tuambie wewe. Jana ulilala masaa mangapi?